Mapooza na Mazoezi: Tiba ya Viungo Baada ya Kiharusi na Msamiati Wake Bujumbura

Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, mtu aliyepatwa na kiharusi husemwa kuwa amepooza. Kitenzi hiki ni kizito. Pooza ni pia tunda lililoanguka kabla ya kuiva, na mapooza ni vitu visivyofikia ukamilifu. Kiungo kinachopewa jina hilo kimekwisha kuhukumiwa. Hospitalini tiba ya viungo hutajwa kwa Kifaransa, kinesiterapi, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la mwendo. Mkono ni uleule, picha zake mbili.

Kwa muda mrefu tiba yenyewe iliafikiana na hukumu hiyo. Hadi katikati ya karne ya 20 mgonjwa alifunzwa zaidi kuutegemea upande mzima: kuvaa na kula kwa mkono mmoja. Berta Bobath na mumewe Karel, wakimbizi mjini London, waliipinga desturi hiyo kuanzia miaka ya 1940, ingawa tafiti za baadaye hazikuthibitisha kwamba mbinu yao inazishinda nyingine.

Hatua nzito zaidi ni ya Edward Taub wa Marekani. Aliwachunguza kima waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja, akabaini kwamba mnyama huuacha mkono kwa kuwa alishindwa alipojaribu mwanzoni, si kwa kuwa uwezo wote umetoweka. Mkono mzima ulipofungwa, ule mwingine ulirudi kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 222, miezi 3 hadi 9 baada ya kiharusi. Waliozuiwa kutumia mkono mzima kwa wiki 2, huku wakifanyishwa mazoezi, walipata nafuu kuliko wenzao wa huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwapo. Sharti lilikuwa kifundo na vidole viwe na mwendo kidogo. Wasio nao, na si haba, hawakuhusika.

Alichokieleza Taub, kwa Kiswahili, ni mazoea: mgonjwa amezoea kutoutumia mkono. Dawa yake ni mazoezi, neno la mzizi uleule. Mtabibu anayemwambia mzee wa Buyenzi, “Mkono umezoea kulala, baba; sasa tuuzoeze kazi,” ameifikisha nadharia nzima kwa maneno ya kawaida. Wasimamizi wa mazoezi hayo nyumbani, saa baada ya saa, ni mke, binti au mjukuu, nao huenda na maneno waliyopewa siku ya kuruhusiwa. Wakiambiwa tu kwamba mzee amepooza, watamshikia kijiko.