Vitalu vya Akina Mama: Historia ya Vikundi vya Miti Nchini Kenya

Vikundi vya kujitolea vya kupanda na kutunza miti nchini Kenya ni vikongwe kuliko jamhuri yenyewe. Chimbuko lao la mbali ni kazi ya ujima. Wakikuyu waliiita ngwatio, Wakamba wakaiita mwethya, na utaratibu wake haukutofautiana sana: majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wao, wakalima, wakapalilia au wakavuna, kisha wakahamia kwa mwingine. Mwenye shamba aliwalisha waliokuja. Malipo hayakuwapo, lakini hesabu ilikuwapo, kwa sababu aliyekwepa zamu ya wenzake alijikuta peke yake zamu yake ilipofika. Miti haikuwa sehemu ya kazi hiyo. Msitu ulijiotea, na mti kama mugumo, ambao Wakikuyu waliuheshimu kwa ajili ya ibada, haukukatwa ovyo wala haukuhitaji kupandwa na mtu.

Hali hiyo iligeuka baada ya serikali ya kikoloni kutwaa misitu ya nyanda za juu, kuwapa walowezi ardhi, na kuanza kupanda misonobari, mikaratusi na miwati kwa ajili ya mbao, kuni na magome. Mwaka 1920 Mwingereza Richard St. Barbe Baker aliwasili kuwa afisa wa misitu, akakuta vilima vya Kikuyu vikivuliwa miti. Wazee aliowashawishi wapande walimjibu kwamba kupanda miti ni kazi ya Mungu, si ya binadamu. Baker akatambua kwamba kazi nyingi za mwaka wa Wakikuyu zilikuwa na ngoma yake, kupanda na kuvuna vikiwamo, lakini miti haikuwa na ngoma. Kwa ushirikiano na chifu Josiah Njonjo aliitisha Ngoma ya Miti tarehe 22 Julai 1922. Vijana wapatao 3,000 walihudhuria, na 50 kati yao wakachaguliwa kuwa wanachama wa kwanza wa chama kilichopewa jina la Kiswahili, Watu wa Miti. Walikula kiapo cha kupanda idadi fulani ya miti kila mwaka na kuilinda miti popote ilipo. Miaka michache baadaye Baker aliondoka Kenya, na chama kikaota mizizi Uingereza kwa tafsiri ya jina lilelile. Hadi leo kingali hai huko, kikiitwa International Tree Foundation.

Baker alikuwa amekiri jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulikiri, kwamba kazi ya hiari haianzi kwa amri. Katika miaka ya 1940 serikali iliwalazimisha wakulima wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa siku kadhaa kila wiki. Mzigo uliwaangukia wanawake, maana wanaume wengi walikuwa wakifanya kazi mijini na katika mashamba ya walowezi. Upinzani ulilipuka mwaka 1947. Mwaka uliofuata wanawake walikwenda makao ya wilaya, Fort Hall, wakaimba na kucheza na kutangaza kwamba hawatapanda nyasi za matuta. Machakos ilifuata njia nyingine katika miaka ya 1950. Pale ambapo vikundi vya mwethya viliachwa vichague viongozi wao na vipange vyenyewe shamba la kuanza nalo, matuta yalienea kwa kasi ambayo vibarua wa kulazimishwa hawakuifikia. Udongo na majembe havikuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa nani anaita watu kazini.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, neno harambee likawa wito wa taifa. Shule, zahanati na mabomba ya maji vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi, na karibu kila kijiji kikawa na kikundi cha akina mama chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vikundi hivyo ndivyo vilivyobeba vuguvugu la miti la miaka ya 1970.

Aliyevibebesha kazi hiyo ni Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alisoma Marekani, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Jaribio lake la kwanza lilishindwa. Mwaka 1974, mumewe alipogombea ubunge wa Lang'ata kwa ahadi ya kuwapatia watu kazi, Maathai alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare, iwaajiri watu wasio na kazi kupanda na kutunza miti. Kitalu chake kilikuwa ndani ya msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi. Miche iliota, lakini fedha hazikupatikana, maji yakawa shida, na wateja waliovutiwa nayo katika maonyesho ya kilimo ya Nairobi hawakurudi kuinunua. Karibu yote ilikufa.

Wazo lilifufuka ndani ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Katika mikutano yake wanawake wa vijijini walikuwa wakieleza matatizo yao: kuni zilikuwa mbali, maji machafu, mifugo ilikosa malisho, na watoto walilishwa vyakula vinavyoiva upesi kwa sababu kuni hazikutosha kuchemsha maharagwe. Maathai alikuja na jibu moja kwa malalamiko yote hayo: wapande miti. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara ulitoka katika jumba la mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji, na miti saba ikapandwa kuwaenzi mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya. Mpango uliitwa kwanza kwa jina la harambee ya kuokoa ardhi, kisha Green Belt Movement, yaani vuguvugu la ukanda wa kijani, kutokana na safu za miche elfu moja au zaidi ambazo kila kikundi kilihimizwa kuzipanda katika ardhi ya umma.

Lengo la mwanzo lilikuwa mti mmoja kwa kila Mkenya, na Wakenya wakati huo walikuwa milioni 15 hivi. Mkuu wa idara ya misitu alicheka alipoelezwa idadi hiyo, akaahidi kutoa miche bure kadiri watakavyohitaji. Haukupita mwaka kabla ya kuiondoa ahadi hiyo, kwa kuwa akina mama walikuwa wamemaliza miche yake. Ikabidi waioteshe wenyewe. Maafisa wa misitu waliletwa kuwafundisha, wakaanza na mwinamo wa ardhi, kina cha mbegu na vifaa vya kitaalamu. Wanafunzi wao walikuwa wamepanda mahindi na maharagwe tangu utotoni, na somo hilo liliwachosha tu. Wakaokota mbegu za miti iliyokuwa karibu na kuziotesha katika mikebe mikuukuu na vyungu vilivyovunjika, wakaviinua mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Maathai akawapa cheo cha maafisa wa misitu wasio na diploma.

Uendeshaji wa vikundi ulijengwa juu ya hatua zilizofuatana, na humo ndimo akili ya mpango wote ilimolala. Kikundi kilijiandikisha, kikatafuta mahali pa kitalu karibu na maji, kikaotesha miche na kutuma ripoti ya maendeleo. Kilipowagawia majirani, shule au kanisa, hakikutoa mche mpaka kikague kwanza mashimo. Mwenye shimo bovu alirudishwa akachimbe upya. Miche ilipokwisha kupandwa, wanakikundi walirudi kuhesabu iliyosimama, na baada ya miezi wakarudi tena. Hapo tu ndipo malipo yalipotoka: takriban senti nne za Marekani kwa kila mche uliopona nje ya kitalu. Mche uliokauka haukulipiwa, hata kama ulitunzwa vizuri ulipokuwa kitaluni.

Kiasi hicho kilikuwa kidogo hata kwa thamani ya fedha ya siku hizo, na wako waliouliza kama kazi inayolipwa inaweza kuitwa ya kujitolea. Lakini kilicholipiwa hakikuwa jasho. Siku za kumwagilia, kupalilia na kuotesha zilibaki zawadi ya mwanakikundi, kama zilivyokuwa katika ngwatio. Senti zilinunua jambo ambalo sherehe za kupanda miti hulisahau, yaani safari ya pili na ya tatu ya kwenda kuutazama mche. Kwa mwanamke wa kijijini, tena, mara nyingi zilikuwa fedha zilizopitia mikononi mwake mwenyewe. Vijana na watu wenye ulemavu waliajiriwa kuwa walinzi na wahudumu wa vitalu, na watoto wa shule walibeba miche hadi kwao.

Mapema katika miaka ya 1980 misaada ya mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa wanawake na ya chama cha misitu cha Norway iliupa mpango uwezo wa kulipa miche kwa wakati na kuajiri wasimamizi. Vitalu viliongezeka. Mwanzoni wengi walitaka miti ya kigeni inayokua haraka, kwa kuwa mama anayehitaji kuni mwaka ujao hawezi kungoja mti wa miaka 30. Polepole miti ya asili na ya matunda ilipata nafasi zaidi, hasa katika ardhi ya umma. Mwaka 1986 ulianzishwa mtandao wa kuwafundisha watu wa nchi nyingine za Afrika utaratibu huohuo, na mwaka 1987 Green Belt Movement ikatengana na Baraza la Wanawake na kuwa shirika linalojitegemea.

Hadi hapo serikali haikuona sababu ya kuogopa wanawake wenye mikebe. Mambo yalibadilika mwaka 1989. Uhuru Park, bustani ya katikati ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1969, ilipangiwa jengo la ghorofa 60 la kampuni ya chama tawala cha KANU na mwekezaji Robert Maxwell, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200. Maathai aliandika barua kwa wizara, magazeti na wafadhili, akiuliza kwa nini watu wa mjini wanyang'anywe mahali pa kupumzika. Bungeni alikejeliwa kuwa kiongozi wa kundi la wanawake waliopewa talaka. Shirika lilifukuzwa ofisini na kuhamia nyumbani kwake South C, makarani na makabati ya faili yakabanana sebuleni. Wafadhili walijitoa, mradi ukapunguzwa, na mwanzoni mwa 1992 uzio uliowekwa bustanini ukang'olewa. Miti michache ilipandwa katika mgogoro huo, lakini kwa vikundi somo lilikuwa wazi: ardhi ya umma isipokuwa na mtu wa kuilinda, mti uliopandwa humo hauna mwenyewe. Pembe moja ya bustani hiyo ilikuja kuitwa Freedom Corner baada ya akina mama wa wafungwa wa kisiasa kukaa hapo, Februari na Machi 1992, kudai watoto wao. Polisi waliwapiga, na Maathai akalazwa hospitalini.

Karura ilifuata. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu huo wenye hekta zaidi ya 1,000 zilikuwa zimegawiwa kwa siri wajenzi wa nyumba za kifahari. Ndimo kilimokuwa kitalu kilichokufa miaka zaidi ya 20 nyuma, na sasa wanaharakati walianzisha kitalu kingine humohumo. Malango yalipolindwa, walipita njia za nyuma, wakavuka maji na matope ili wakamwagilie miche. Tarehe 8 Januari 1999 walipojaribu kupanda mti langoni, walishambuliwa na kundi la watu wenye mapanga na mijeledi. Maathai alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu yake. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, na tarehe 16 Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Katika uchaguzi wa Desemba 2002 Maathai alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura, kisha akawa waziri msaidizi wa mazingira. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Miti iliyohesabiwa kupandwa na vikundi wakati huo ilifikia milioni 30, kutoka katika vitalu vipatavyo 6,000. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwapa wananchi nafasi ambayo Watu wa Miti hawakuwa nayo. Jamii zinazoishi kando ya msitu zinaweza kusajili chama na kuingia mkataba wa kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Karura ni miongoni mwa misitu iliyoendeshwa hivyo. Chama cha marafiki wa msitu kilichanga fedha za uzio wa umeme, na wakazi wa Huruma, kijiji cha kipato cha chini kilicho pembeni, wakapata kazi ya doria na ya vitalu. Mwaka 2011 msitu ambao watu wa Nairobi waliuogopa kwa ujambazi ulifunguliwa kwa watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli. Ndani yake mikaratusi iliyopandwa enzi za ukoloni imekuwa ikikatwa sehemu baada ya sehemu, na mapengo yake kujazwa miche ya miti ya asili.