Kelele za Ukumbini

Katika michezo yote iliyostawi mitaa ya mashariki ya Nairobi, hakuna uliotazamwa kwa furaha na hofu pamoja kama ndondi. Kandanda lina mashabiki wengi zaidi, lakini mtazamaji wa kandanda haombi mtu azimie ili upande wake ushinde. Mtazamaji wa ndondi huliomba jambo hilo kwa sauti kubwa. Mimi ni mmoja wa watazamaji hao, na kwa hiyo, msomaji, usiichukue insha hii kuwa hukumu ya mtu aliyesimama nje ya mlango.

Kupigana ngumi hakukuhitaji mwalimu kutoka ng'ambo. Walakini ndondi za kanuni, zenye glavu, ulingo wa kamba na mwamuzi, zilikuja wakati wa ukoloni, zikashika mizizi jeshini, katika polisi, magereza na reli, kisha zikaingia katika kumbi za mitaa kama Pumwani na Kaloleni. Wakuu wa mji waliamini kwamba kijana aliyechoshwa na mazoezi jioni hatakuwa na nguvu za kuzurura usiku wala kuzungumza siasa. Kuhusu siasa walikosea sana, maana ukumbi wa Kaloleni ulijaa mikutano ya kudai uhuru hata watu wakauita bunge. Lakini ndondi nazo zilibaki, na katika Muthurwa, palipokuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, zikawa kama urithi wa mtaa.

Mchezo huo ulituletea sifa. Philip Waruinge alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na juu yake akapewa tuzo ya mpiganaji hodari kuliko wote wa mashindano yale, akiwapita hata waliotwaa dhahabu. Mwaka 1972, mjini Munich, akapata fedha. Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles mwaka 1984. Kisha, mwaka 1988 mjini Seoul, Robert Wangila akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya pambano la mwisho, akatwaa dhahabu. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha.

Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa huko Marekani. Hapa yafaa tufahamu tofauti. Katika Olimpiki ile mpiganaji alivaa kofia ya kukinga kichwa, na pambano lilikuwa la raundi tatu. Katika ndondi za kulipwa hakuna kofia, na raundi huweza kufika kumi au kumi na mbili. Zamani mapambano ya ubingwa yalifika kumi na tano. Yalianza kupunguzwa baada ya Mkorea Kim Duk-koo kufa mwaka 1982, alipopigana na Ray Mancini mjini Las Vegas. Watu wakadhani dawa imepatikana.

Tarehe 22 Julai 1994, katika mji uleule wa Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzales. Mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba limekatizwa mapema, kwa kuwa bado angali na nguvu. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, kisha akazimia. Damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu, nayo haina pa kwenda ila kuubana ubongo. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26. Baada ya mabishano marefu juu ya mazishi, alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor, si mbali na Pumwani. Raundi ya tisa, msomaji! Ile sheria ya raundi kumi na mbili haikumfaa kitu.

Nimewahi kuitazama filamu ya pambano la Seoul, na kila mara moyo wangu huruka Boudouani anapoanguka. Sioni haya kusema hivyo. Lakini ngumi iliyonifurahisha na ngumi zilizomwua Wangila ni za namna moja. Kilichobadilika ni kichwa kilichozipokea.

Nilipokuwa kijana nilimshangilia jirani yetu katika ukumbi wa mtaa. Alikuwa mpole, mwenye adabu, na ninaamini adabu ile ilitoka kwa mwalimu wake wa ndondi, aliyemkataza pombe na kumwamsha alfajiri akimbie. Watetezi wa mchezo huu wana haki kuyataja mambo hayo. Usiku ule alipigwa sana. Mwamuzi alimtazama machoni, akasita, nasi tukapiga kelele: "Mwache apigane!" Sauti yangu ilikuwamo, tena haikuwa ndogo. Akaachwa, akapigana, akashinda. Tulimbeba mabegani, nami nikampa mkono na kumpongeza.

Kesho yake nilimkuta kwenye bomba la maji. Uso ulikuwa umevimba, lakini alikuwa anacheka. Akaniuliza, "Kwani jana ulikuja ukumbini? Sikukuona."

Nilimjibu kwamba nilikuwapo, nilikaa nyuma. Hakuna mtu mwingine niliyemweleza habari ile.

Sasa ninafundisha, na mmoja wa wanafunzi wangu anapigana Jumamosi hii. Ameniomba niende. Nimemwambia nitakwenda, lakini nikamwuliza kwanza kama daktari atakuwapo. Akasema, "Mwalimu, hilo atalijua mwalimu wa ndondi." Basi jioni hii nitapita kwa mwalimu huyo nimwulize mwenyewe.