Nyumba ya Mawe Iliyogeuka Ofisi

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu nyumba moja ya Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja.

Mwaka 1841 alifika Unguja balozi wa kwanza wa Uingereza, Atkins Hamerton, na nyumba hii ikawa makao yake. Livingstone alipofariki bara mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Mwaka 1874 ulivushwa hadi Unguja, ukalazwa katika nyumba hii. Mwaka huo huo ubalozi ulihama, na kampuni ya Smith Mackenzie ikaifanya ofisi yake kwa miaka 100 hivi. Baadaye serikali nayo iliitumia kwa ofisi.

Sasa tutazame nyumba za mawe za mji huo zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kama nusu mita. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupigwa sakafu ya mawe na chokaa. Boriti ndefu mno haibebi uzito huo. Kwa hiyo upana wa chumba kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi. Fundi akitaka chumba kikubwa hukirefusha, hakipanui.

Je, nyumba kama hiyo ikigeuzwa ofisi, ina hatari gani? Ya kwanza ni uzito: makabati yaliyojaa majalada huzilemea boriti. Ya pili ni saruji. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na ncha za boriti huoza bila kuonekana.

Hasara yake si ya mawe tu. Katika mji huo huo, jumba la Beit-al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na baadaye likawa ofisi za serikali, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo. Watu 2 walikufa.

Basi nyumba yaweza kubadili kazi, lakini kuta na boriti zake hazibadili tabia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali:
1. Kwa nini vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba?
2. Saruji hudhuru vipi ukuta wa chokaa?

Kwaherini.