Likizo za Katumba

Kuanzia mwisho wa Aprili 1972, wanafunzi wa Burundi waliitwa kwa majina. Orodha zilisomwa Chuo Kikuu mjini Bujumbura, zikasomwa kwenye shule za sekondari na vyuo vya ualimu; waliotajwa wakapakiwa kwenye malori, na wengi hawakuonekana tena. Walilengwa Wahutu waliosoma na waliokuwa bado wanasoma. Baba yangu alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Siku malori yalipofika shuleni kwao, yeye alikuwa nyumbani anaumwa malaria. Hiyo ndiyo sababu nami nikazaliwa.

Naanzia huko kwa makusudi. Vijana wetu walioko vyuoni huniuliza kwa nini wazee wa Katumba, makazi ya waliokimbilia Tanzania kutoka Burundi, huwasumbua kila likizo: njoo ufundishe, njoo usome barua hii, njoo kikaoni. Wanadhani ni mazoea tu ya kijijini. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mzaliwa wa hapa, na naona kuna deni ndani yake.

Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, kandokando ya reli ya Kaliua–Mpanda, katikati ya miombo na mbung'o. Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatoa fedha, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, likasimamia kazi. Watu walipewa shamba, jembe, na chakula cha kuanzia. Mwalimu hagawiwi kama jembe. Waliostahili kufundisha wengi wao walikuwa wamebaki makaburini Burundi, kwa hiyo aliyefika nusu ya sekondari akawa ndiye msomi wa kijiji. Baba alifundisha hesabu chini ya mti kabla darasa halijaezekwa. Alijifunza Kiswahili huku akikitumia kufundishia, usiku anakariri maneno ambayo asubuhi angewaambia watoto.

Nchi tuliyoingia ilikuwa na ugomvi wake na wasomi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata ikatoka sera ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Huko Mlimani, kwenye chuo kikuu hicho, swali lilikuwa namna ya kumlazimisha msomi arudi kwa wananchi. Katumba swali hilo halikuwahi kuulizwa, kwa kuwa wasomi wenyewe walikuwa wa kuhesabu na kila mtu aliwajua kwa jina la baba.

Kutoka makazini hakukuwa rahisi. Mkimbizi hakuruhusiwa kuondoka kwenye makazi bila kibali, kwa hiyo mwanafunzi aliyechaguliwa sekondari ya mbali alianzia ofisi ya Mkuu wa Makazi ndipo aende stesheni. Aliporudi likizo alikuta watoto wa darasa la saba wanamngoja. Kijiji kilimpa chumba cha shule na chaki. Mama za watoto walileta maharage na unga nyumbani kwa mwanafunzi huyo. Hakukuwa na ada. Naamini desturi hii ilitupeleka mbali kuliko mradi wowote wenye bango, maana mtoto alimwona aliyefaulu akiwa na miguu ya vumbi lilelile.

Miaka ikaja ya makaratasi. Mwaka 2007 Serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia, na karibu wanne katika kila watano wakachagua kubaki. Watu wapatao 162,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa mwaka 2010. Wakati wa maombi, meza ya baba ilijaa wazee. Sisi tuliokuwa tumesoma tuliwasaidia kukumbuka miaka: mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya kufika kwenye reli au baada? Mlivuka wakati wa mahindi au wa maharage? Hakuna somo la chuo lililonifundisha subira kama wazee wale.

Kisha vyeti vya uraia vikakaa hadi 2014, kwa kuwa sharti lilikuwa tuhame makazi na kutawanywa mikoa mingine. Mkopo wa elimu ya juu hupewa raia, nasi tulikuwa raia kwa tangazo na si kwa karatasi. Nawajua waliopata nafasi chuoni wakaishia kulima tumbaku. Hao ndio waliobaki wakifundisha likizo na siku zisizo likizo, na mpaka leo sijaona mkutano wa hadhara ulipowashukuru.

Eneo letu ni Mkoa wa Katavi tangu 2012, leo Katumba ni kata ndani ya Halmashauri ya Nsimbo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe. Wanafunzi wetu wana serikali za wanafunzi, vyama vya wanafunzi Wakristo kama TMCS na UKWATA, na vilabu vya mazingira. Waingie humo, uongozi hujifunzwa kwa kuongoza. Lakini kwa mtoto wa Katumba ningependa iwe zaidi ya cheti cha ushiriki. Kuna wafuga nyuki Litapunga wanaohitaji mtu wa kuwaandikia hesabu za asali. Kuna mabinti wa kidato cha pili wanaoogopa fizikia.

Wengine sasa wanatoza fedha kwa masomo ya likizo, na wazee wamekasirika. Mimi siko upande wa wazee moja kwa moja. Nauli kutoka chuoni Morogoro hadi Mpanda ni ya kweli, na zamani kijiji kililipa kwa unga na maharage. Kikao cha kijiji cha Desemba kiamue kwanza nani atachangia nini, halafu wanafunzi wapangiwe madarasa.