Kabla Hujabidi Ngoma ya Zamani Mtandaoni, Uliza Iliporwa Wapi

Wasee, mmenitumia linki za kutosha. Ni ile minada ya mtandaoni ya ngoma za zamani: picha moja imepigwa kutoka mbele, taa kali, na chini yake mistari miwili. "Ngoma ya kitamaduni, Afrika Mashariki, karne ya 19, mkusanyo binafsi." Mtu anataka ya kupamba studio yake, mwingine anataka kununua auze tena huko nje kwa bei ya juu. Wote mnaniuliza swali moja: ni dili ama si dili?

Jibu langu ni refu kidogo, na linaanzia hapa hapa kwenye mto wetu.

Tana inapita hapa Garissa ikielekea baharini, na kando yake, kuanzia Wamunyoyaya wa huku juu hadi Wapokomo wa kule chini, wanaishi watu ambao wengi wetu tunawajua kwa maembe na ndizi tu. Lakini kila mtu aliyewahi kusimama paredi ya shule asubuhi ameimba tuni yao. Wimbo wa taifa wa Kenya, tulioupata 1963, ulitolewa kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Nchi nzima inasimama wima kwa bembelezi ya watu wa Tana. Na ngoma yao kubwa kuliko zote iko London, stoo.

Inaitwa Ngadji. Hii haikuwa ngoma ya harusi, ile durbaan ambayo mama zetu wanapiga mpaka usiku wa manane. Ngadji ilikuwa chini ya wazee, na si kila mtu aliruhusiwa kuiona. Ukisikia sauti yake, unajua kuna jambo la ibada ama la utawala. Ndiyo ilikuwa serikali yenyewe, kwa lugha rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua. Hawakuinunua, waliichukua. Mwaka wa 1908 ikaingia British Museum, na miaka zaidi ya mia baadaye bado imefungiwa huko. Wajukuu wa watawala wa Wapokomo wamesafiri mpaka London, wakaingizwa stoo, wakaonyeshwa ngoma ya babu zao kama mtu anayeonyeshwa maiti mochari. Halafu wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mnada wako unaingia. Ngadji ina makaratasi safi. Iko kwenye rejista, ina namba, ina mwaka. Shida ni kwamba makaratasi hayo yanaanza pale ngoma ilipofika mkononi mwa Mwingereza. Kabla ya hapo, kimya. Na minada mingi ya ngoma za zamani iko hivyo hivyo. Utaona imeandikwa "mkusanyo wa Ulaya, kabla ya 1970", na unafikiri hiyo ni sifa nzuri. Kwa nini 1970? Ni mwaka ambao UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara ya mali ya urithi iliyoibwa. Wauzaji wengi wanautumia kama mstari: kilichotoka kabla ya hapo wanakiita salama. Lakini ofisa aliyebeba ngoma ya watu zama za ukoloni, yeye pia ni "kabla ya 1970". Hayo maneno hayakuambii kitu kilitokaje. Yanakuambia tu kwamba muuzaji haogopi kushtakiwa.

Kama unadhani haya ni mambo ya wakoloni waliokufa, njoo Pwani. Wamijikenda wanasimamisha vigango, zile mbao ndefu za kuchongwa za kukumbuka wazee waliofariki. Mwaka wa 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Baadaye sana vikapatikana Marekani, kimoja Illinois, kingine Virginia, vyote kwenye makumbusho ya vyuo vikuu. Vilirudi kwa familia yake 2007. Mzee Kalume hakuviona, alikuwa ashafariki. Na unajua ni nini kilithibitisha ni vyake? Ile picha. Bila picha, hao watu wa makumbusho wangesema tu vilitolewa na mfadhili mwema. Makumbusho ya Denver nayo ilikuwa na vigango 30, vingine vimetolewa na mwigizaji wa Hollywood Gene Hackman. Hao walionunua hawakuwa majambazi. Waliona kitu kizuri kwenye duka, wakalipa, wakapata risiti. Vile unavyotaka kufanya wewe.

Kuna pia sheria, na hapa walahi wengi hawajui kabisa. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inasema kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya kabla ya 1895 ni mali ya kale, na huwezi kukitoa nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "karne ya 19, imetoka Tana River, nitakutumia Dubai wiki ijayo", ashakuambia mambo mawili: ama anavunja sheria, ama ngoma ni feki. Mara nyingi ni feki. Mbao mpya inapakwa rangi ya viatu, inaning'inizwa juu ya moshi, inazikwa kwenye udongo mchwa waitoboe kidogo, na ghafla ina miaka mia. Omba picha ya ndani ya ngoma na ya chini. Ndani ndipo patasi inaonekana, na ndani hakuna mtu anayejisumbua kupaka rangi. Angalia pale ngozi inaposhika mbao: je, kumekaa kama mahali palipofungwa na kufunguliwa mara nyingi? Ngoma iliyotumika inabadilishwa ngozi. Ngoma ya mtalii haijawahi kubadilishwa chochote. Na uliza ni ngozi ya nini, kwa sababu engalabi, ile ngoma ndefu ya Uganda, kwa desturi inawambwa ngozi ya kenge, na kenge analindwa na mkataba wa biashara ya wanyama wa porini. Forodha wakiikamata, pesa imeenda, ngoma imeenda.

Najua nitaandikiwa mambo mawili. La kwanza: "Kama Wazungu hawangechukua, mchwa wangekula." Labda. Lakini ng'ombe wangu akifa kwa ukame bado alikuwa ng'ombe wangu, haimaanishi jirani ana ruhusa ya kumchukua kabla hajafa. La pili linatoka kwa ndugu zetu wa msikitini: hiyo ngoma ni ushirikina, ikae huko huko. Ndugu, hakuna anayekuambia uisujudie. Wapokomo wengi wenyewe ni Waislamu na Wakristo leo, na bado wanaidai. Dini haijawahi kusema mali ya jirani ikiwa huipendi basi iibwe.

Na kurudisha kunawezekana. Ufaransa ilichukua ngoma kubwa ya Waebrié wa Côte d'Ivoire, Djidji Ayôkwê, mwaka wa 1916. Ina urefu wa zaidi ya mita tatu na uzito wa kilo 430 hivi, kwa hivyo huwezi kusema ilipotea mfukoni. Mwaka wa 2025 bunge lao lilipitisha sheria maalum ya kuirudisha. Waingereza wanasema sheria yao ya 1963 inaizuia British Museum kutoa vitu vyake. Sheria iliandikwa na bunge. Bunge lina kalamu.

Kwa hivyo yule msee wa studio: nenda kwa fundi aliye hai, umlipe akuwambie ngoma mpya. Itakuwa na sauti nzuri kuliko ile ya mnada. Na wewe ambaye nyanya yako bado ana kitu cha zamani pale nyumbani, iwe Garissa, Bura ama Hola, toa simu. Mpige picha akiwa amekishika, andika jina lake na tarehe, umtumie binamu yako nakala. Fanya hivyo kabla ya mgeni mwenye gari nzuri kufika akiuliza bei.