Samaki Mwenye Mayai: Habari za Mpumbu wa Luapula

Mvua za Desemba zikisha kulowesha nchi yetu ya Likasi, akina mama waendao sokoni huuliza swali lile lile: "Mama, iko na mayai?" Maana kila mtu ajua ya kuwa samaki wa wakati huo ni mnono. Tumbo lake limejaa mayai, na bukari huliwa naye kwa furaha. Sisi pia tumemla, wala hatukusahau utamu wake.

Lakini ndiyo miezi ambayo wakuu wa serikali ya Haut-Katanga wamezoea kufunga uvuvi. Ng'ambo ya Luapula, katika nchi ya Zambia, sheria hufunga vile vile tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari. Basi watu hunung'unika. Husema: "Maji ni ya Mungu, samaki ni wa Mungu, nani atuzuie?" Neno hili lastahili kujibiwa kwa haki, si kwa hasira. Nasi twaona ya kuwa jibu lake halimo katika karatasi za serikali tu. Limo pia katika historia ya samaki mmoja aliyelisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga, kisha akatoweka sokoni. Jina lake ni mpumbu.

Safari ya mpumbu

Mpumbu ni samaki mkubwa wa ziwa Mweru na mto Luapula. Wataalamu humwita Labeo altivelis. Muda mrefu wa mwaka hukaa ziwani akila matope laini na majani madogo yaotayo chini ya maji. Mvua zikianza na mto ukifurika, hubadilika. Huacha ziwa, hukusanyika na wenzake makundi makubwa, huingia Luapula na kupanda mto, hata kuelekea maporomoko ya Mambilima. Hutafuta mahali ambapo maji yamefunika majani ya mabonde. Hapo jike hutaga mayai maelfu na maelfu, dume huyatia uzazi, nao huyaacha. Hawajengi kiota, hawalindi watoto. Ulinzi wao ni wingi wao tu.

Ndiyo nguvu ya samaki huyu, na ndiyo hatari yake. Kwa siku chache za mwaka, mama wote wa kizazi kijacho hupita njia moja, mahali pamoja, wakati mmoja. Mwenye wavu katika njia ile hahitaji kuwatafuta.

Wazee wa Luapula walijua jambo hilo zamani sana. Wavuvi wa huko, Bashila, walivua mpumbu wakati wa kupanda kwake, wakala na kukausha. Lakini maji hayakuwa bila mwenyewe. Masimulizi yao yasema kwamba mkubwa wao Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama yule akaenda kulia mbele ya mfalme Kazembe. Kazembe akatuma watu, Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti akamkabidhi Kazembe udongo ndani ya kikapu na maji ndani ya mtungi, maana yake nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon, aliyeandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 2006, aeleza jinsi watu wa Luapula walivyotumia habari hiyo kusema nani ana haki juu ya nchi na maji. Chini ya mfalme walikuwako wenye vidimbwi na wenye vijito. Mgeni aliyetaka kuvua alipaswa kuomba. Hatusemi kwamba zamani zile hapakuwa na ulafi. Twasema tu kwamba mikono ya watu ilikuwa na mipaka, na nyavu zao zilikuwa ndogo.

Miji yenye njaa

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Wabelgiji walikubaliana, na Luapula ukawa mpaka. Mto mmoja ukapata serikali mbili. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kisha ikaendelea kuja kwetu. Hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, kiwanda cha Panda kilianza kusafisha shaba mwaka 1921, na kile cha Shituru mwaka 1929. Watu waliletwa kutoka mbali kufanya kazi. Walipewa posho, na posho ilitaka unga na kitoweo.

Nani angelisha umati huo? Ng'ombe wa Katanga walikuwa wachache. Basi macho yaligeukia Luapula. Katika mji mdogo wa Kasenga, ukingoni mwa mto, walikuja kukaa Wagiriki, wengi wao watu wa visiwani waliojua bahari na biashara. Walileta mashua za injini, walitengeneza barafu, wakanunua samaki kwa wenyeji na kuvua wenyewe. Malori yalibeba samaki katika barafu kama kilometa 200 mpaka Elisabethville. Wengine walikaushwa au kutiwa chumvi, wakapelekwa mbali zaidi.

Tusiwahukumu kwa haraka watu hawa. Wavuvi wa pande zote mbili walipata fedha ya kodi, nguo na ada ya shule. Mfanyakazi alipata kitoweo. Kila mmoja alikuwa na haja ya haki. Hakuna aliyeamka asubuhi akisema, "Leo nitawamaliza mpumbu."

Nyavu mtoni

Lakini haja zote hizo zilikutana mahali pamoja, nako ni katika njia ya mama mwenye mayai. Nyavu za kunasa ziliongezeka mwaka hata mwaka. Zilitandazwa mtoni na penye midomo ya vijito wakati ule ule mpumbu alipopanda kuzaa, maana ndipo alipovuliwa kwa wingi na kwa gharama ndogo. Wakati wa vita vya 1939 hata 1945 shaba ilitakiwa sana, na pamoja nayo chakula cha wachimbaji. Wingi wa samaki waliofika sokoni uliwadanganya watu. Walidhani wingi ule ni dalili ya utajiri, kumbe walikuwa wakila mbegu.

Wako waliotambua hatari. Kwa upande wa Waingereza zilitungwa amri za kuzuia nyavu katika wakati wa kuzaa. Lakini sheria ya ng'ambo moja haimfungi mtu wa ng'ambo ya pili, na samaki hajui mpaka. Anayejizuia huona kwamba jirani yake atavua kile alichokiacha. Basi kila mmoja alimlaumu mwenzake, na nyavu zikabaki majini.

Mwisho ulikuja kimya kimya. Miaka ya 1940 ilipoelekea mwisho, makundi yaliyopanda yalipungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpumbu alikuwa amekwisha kuadimika. Wavuvi waligeukia samaki mwingine, aitwaye pale, wa jamaa ya tilapia. Nyavu za nailoni, zilizoingia miaka ile, zikamfuata naye. Yeye pia alipopungua, watu wakashika chisense, samaki mdogo kama kidole, avuliwaye usiku kwa taa. Ndivyo historia ya ziwa zima ilivyo: toka samaki mkubwa hata mdogo. Mpumbu hakufa wote, bado huonekana. Lakini yale makundi yaliyojaza malori hayakurudi.

Ziwa letu la Tshangalele

Mtu atasema, "Hayo ni ya Luapula. Yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mashariki ya mji wetu liko ziwa Tshangalele. Halikuumbwa tangu mwanzo. Lilitokea watu walipozuia mto Lufira kwa ajili ya umeme wa Mwadingusha, ulioanza kutumika mwaka 1930. Umeme huo uliendesha viwanda vyetu, na maji yake yakatupa samaki. Nani katika Likasi hajala samaki wa Kapolowe?

Katika ziwa hilo tilapia huzaa kwa namna nyingine, iliyochunguzwa na mtaalamu J. C. Ruwet, aliyeandika habari zake mwaka 1962. Dume husafisha mahali pa mchanga penye maji haba, akatengeneza kiota. Jike hutaga mayai humo, kisha huyaokota na kuyaweka kinywani mwake. Huyachukua hivyo siku nyingi, hata watoto watoke na kuweza kuogelea, na siku zile yeye mwenyewe karibu hali kitu. Ndiye mama afungaye kwa ajili ya watoto wake. Mvuvi amtoapo majini, jike hufungua kinywa, na mayai au watoto humwagika ndani ya mtumbwi. Waliokwisha kuona hayo wanajua ya kuwa siku hiyo hawakuvua samaki mmoja.

Tena tilapia hana mayai mengi kama mpumbu. Ikiwa wingi haukumwokoa mpumbu, je, uchache utamwokoa huyu? Na nyavu zenye matundu madogo, hata vyandarua vya mbu, huburutwa penye maji haba, palepale penye viota.

Tufanye nini?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu awaagiza Waisraeli juu ya kiota cha ndege: mtu aweza kuchukua makinda, bali mama amwache aende zake. Ni sheria ndogo, lakini hekima yake ni kubwa. Mungu hakataa tule. Akataa tusikate chemchemi. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba dunia tuliipokea kwa ajili ya wale pia watakaokuja nyuma yetu.

Lakini tuseme kweli yote. Kufunga ziwa ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara. Mvuvi mwenye watoto sita, miezi ile mitatu ni miezi ya njaa: mahindi hayajakomaa, na shule yataka ada. Amri isiyomkumbuka mtu huyo itavunjwa usiku. Kwa hiyo mzigo huu ni wetu sote. Tuliozoea likelemba tuweze kuweka akiba tangu kiangazi kwa ajili ya miezi ya kufungwa. Wenye mashamba wawape wavuvi kazi wakati wa kupalilia. Na sisi wanunuzi tuanze na sisi wenyewe. Mvuvi hutega anachojua kitanunuliwa. Sokoni wako thomson wa barafu na makayabo; si watamu kama samaki mbichi wa Kapolowe, lakini miezi mitatu si miaka.

Tunafunga siku 40 kabla ya Pasaka, tukijua kwamba furaha yaja. Basi tuwape samaki wetu Kwaresima yao majini. Na mama akiuliza sokoni mwezi wa Desemba, "Iko na mayai?" akijibiwa ndiyo, akumbuke mpumbu wa Luapula, apite.