Usiri wa Mapitio ya Kitaaluma ya Madaktari katika Hospitali za Umma za Marekani

Mapitio ya kitaaluma ni kazi ya kamati ya madaktari wanaochunguza utendaji wa mwenzao katika hospitali moja: upasuaji ulioharibika, kifo kisichotarajiwa, malalamiko ya wauguzi. Kamati inaweza kupendekeza apewe onyo, apunguziwe ruhusa ya kutibu au aondolewe kabisa. Nchini Marekani sheria za majimbo huzuia kumbukumbu za vikao hivyo zisitolewe mahakamani. California iliweka kinga hiyo mwaka 1968. Hospitali za umma nazo hujihifadhi humo, ingawa zinaendeshwa kwa kodi ya wananchi wenye haki ya kusoma nyaraka nyingi za serikali. Kinga hiyo ina sababu ya haki, ila sababu yenyewe inahusu maoni ya wanakamati tu. Haihusu tukio lililompata mgonjwa, wala uamuzi uliofikiwa.

Mwaka 1970, katika kesi ya Bredice dhidi ya Doctors Hospital, jaji wa shirikisho mjini Washington alikataa kumpa msimamizi wa mirathi ya marehemu kumbukumbu za vikao. Aliona kuwa daktari anayehofia mahakama hatamkosoa mwenzake kwa uwazi, na watakaoumia ni wagonjwa wajao. Hoja hii ni nzito na haifai kubezwa. Lakini mlango uliofungwa humlinda pia mwenye hila. Huko Astoria, Oregon, mpasuaji alidai kuwa washindani wake walitumia kamati ya hospitali pekee ya mji huo kumwondoa kwenye biashara. Jopo la raia lilimwamini, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikampa haki katika kesi ya Patrick dhidi ya Burget. Kesi hiyo ikiwa bado njiani, Bunge lilitunga sheria ya mwaka 1986 inayowakinga na madai ya fidia wanakamati wanaotenda kwa nia njema. Halikuufanya usiri wa vikao kuwa kinga ya shirikisho. Ndiyo maana mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11, katika shauri la ubaguzi wa rangi kutoka Georgia, ilikataa kuufunika ushahidi wa kamati.

Watetezi wa usiri husema ukilegezwa kidogo, vinywa vyote vitafungwa. Vyuo vikuu vilisema hivyohivyo kuhusu tathmini za wahadhiri, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu haikukubali. Florida ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 wapiga kura waliingiza katika katiba ya jimbo haki ya mgonjwa kuona kumbukumbu za matukio yenye madhara. Mimi nisingefika huko kote, kwa kuwa maneno ya mwanakamati na siri za wagonjwa wengine zinastahili sitara. Uamuzi ni jambo jingine. Hazina ya taifa ya taarifa za matabibu, iliyofunguliwa Septemba 1990, hupokea taarifa za adhabu zinazogusa ruhusa ya daktari kwa zaidi ya siku 30. Hospitali hulazimika kuiuliza kabla ya kumpa daktari ruhusa ya kutibu. Mgonjwa haruhusiwi kulitafuta humo jina la daktari wake. Hospitali ya umma ikitangaza adhabu hiyo na sababu yake, haitamfichua mwanakamati hata mmoja.